Nilivyokwenda Kumsikiliza Suzana Nikarudi Naye

Kibwana, na nyie wote wa kwenye bao, nimechoka kujibu mmoja mmoja. Kila ninayekutana naye ananivuta pembeni. Baba Suzana, vipi, mtoto amefukuzwa? Mtoto mgonjwa? Mbona amerudi hata kisanduku cha fidla hatukukiona? Sasa nimekaa nimeandika. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe, kisha ishu hii tuifunge.

Mie mnanijua. Darasa la nne nililiachia Mpwapwa, nikaja Dar nimelala juu ya mbuzi kwenye lori. Leo nina mabucha Gongo la Mboto na jingine Mbezi Beach kwa wenye friji kubwa, na mnadani Pugu nikiingia madalali wananyoosha mashati. Hakuna aliyenishika mkono. Na katika vyote nilivyovipata, hakuna nilichojisifia kama Suzana, binti yangu wa kwanza. Fidla alifundishwa na mwalimu wa kwaya kanisani, akapata ufadhili akiwa msichana mdogo, akaenda kusoma Ulaya, sasa ni mwanamke mzima na anaitwa nchi kwa nchi. Anasimama mbele peke yake, okestra nzima iko nyuma inamfuata yeye. Watu husema ni damu ya zeze la Wagogo. Uongo. Kwetu hakuna aliyewahi kupiga hata debe.

Sasa mama yake akaanza kusema, "Baba Suzana, sauti ya mwanangu kwenye simu imekuwa fupi." Nikamwambia fupi vipi, sauti si kamba. Akasema, "Nenda ukamwone. Akiwa sawa, mwache na kazi yake. Asipokuwa sawa, rudi naye." Nikakubali kwa mdomo. Moyoni nilikuwa na langu: nikimkuta amelegea nitamkaza. Mie katika maisha yangu sijapumzika, ningemwambiaje mwingine apumzike?

Gongo la Mboto hadi kwenye ndege

Ndege zinapita juu ya bati langu tangu nilipojenga, mpaka nazijua kwa mngurumo. Lakini kupanda, ilikuwa mara ya kwanza. Kibwana, wewe ulinitafutia koti zito la mtumba pale Ilala, ukaniambia nilivae kabisa kutoka nyumbani, nisije nikalisahau. Nimefika uwanjani nimelowa kama niliyetoka kuogelea. Dada wa ukaguzi akaniuliza, "Baba, unaumwa?" Nikamwambia naenda kwenye baridi. Akasema, "Baridi yenyewe iko mbali, baba, vua kwanza."

Kwenye begi mama Suzana alikuwa amefunga mlenda mkavu wa kusaga, ile mboga yetu ya kuteleza, nyama niliyoikausha mwenyewe kwa chumvi, na lile shada la maua ya kumetameta tunalovishana kwenye mahafali. "Hili umvishe akimaliza kupiga," akasema. "Na umtunze. Asione hana wenyewe."

Shikeni hilo neno kumtunza, maana ndilo lililonitia matatani.

Addis Ababa

Hapa ndege ya pili ilichelewa. Wakatangaza, wakatangaza tena, kila tangazo refu kuliko la kwanza na halisemi kitu. Wakatugawia vikaratasi vya chakula. Nikakaa meza moja na mama mmoja Mkenya, Mama Njeri, anayetunza wazee kwenye nyumba ya wazee kule Austria, alikuwa anarudi kazini kutoka likizo. Meza ya jirani wakaletewa nyama ya ng'ombe iliyosagwa, mbichi, ina siagi na pilipili. Wakaanza kula. Mie nimeuza nyama umri wangu wote, sijawahi kumwona mteja asiyengoja hata ipate moto.

"Usiangalie hivyo mzee, watafikiri unataka," Mama Njeri akanambia.

"Nashangaa tu. Hawa mimi wangenimalizia bucha hapohapo kwenye mzani."

Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Nikamweleza habari za Suzana, nikamwonyesha picha zote za kwenye simu, nikamwambia mwanangu anapigia watu wakubwa, tiketi zinaisha. Akaziangalia taratibu, moja moja.

"Hapa amevaa vizuri," akasema. "Hapa pia. Na hii ni ya nyumbani kwake?"

Nikatafuta. Picha ya nyumbani kwake sikuwa nayo. Zote alikuwa jukwaani.

"Sawa," akasema. "Mzee, nikwambie kitu kimoja. Ukimwona amekonda, usimwambie amekonda. Mimi mama yangu huniambia hivyo nikitoka tu kwa mlango wa airport, na nalia mpaka Thika."

Nikamwahidi.

Viena

Pale uwanjani Viena afisa akafungua begi langu. Unga wa mlenda aliunusa, akauliza kwa mkono ni nini. Nikachovya kidole nikalamba, nikamsogezea na yeye achovye. Akakataa, akaurudisha. Nyama ndiyo akaichukua. Nyama niliyoichinja, nikaikata, nikaikausha kwa mkono wangu, akaitupa kwenye pipa mbele ya macho yangu bila hata kuniuliza ya sehemu gani. Mie, mtu ninayesifiwa nyama kuanzia Pugu mpaka Mbezi Beach. Nilitoka pale nikiwa na uchungu kama niliyefiwa.

Suzana alikuwa amesimama nje, kavaa koti jeusi refu, kisanduku cha fidla mgongoni. Akapiga goti palepale kwenye sakafu ya uwanja, watu wanapita na masanduku. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," nikasema. "Umekonda."

Ndivyo ilivyo. Mdomo ulitangulia.

Akainuka. Alinishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara, ingawa mvushwaji nilikuwa mie. Nyumba haikuwepo, alikuwa na chumba cha hoteli, na kabla ya hapo hoteli nyingine, na kabla yake nyingine. Nikamuuliza nguo zake nyingine ziko wapi. Akanionyesha begi moja. Mwanangu ambaye nimemtangaza mtaa mzima, mali yake yote inaingia kwenye buti ya teksi. Hata fidla siyo yake, ameazimwa na matajiri fulani, ni ya zamani sana, na thamani yake aliponitajia nilimwambia aiweke mbali na mimi.

Jioni ya pili yake nikakaa kwenye ule ukumbi, viti vya mbele kabisa. Wazee wa kizungu wamevaa kama wanaapishwa. Muziki ukaanza, hakuna anayetikisa kichwa. Hakuna anayesema "ehee". Nikamtazama jirani yangu kama yu hai. Suzana akatoka na gauni la kijani, akaweka fidla begani, akafumba macho, na mie nikasahau koti, nyama na kila kitu. Nyie hamjui. Ile sauti inaingia kifuani kama mtu anayefungua mlango taratibu asikuamshe.

Kisha katikati, wote wakanyamaza. Okestra nzima wakashusha vyombo vyao mapajani, mwongozaji naye akashusha mikono, Suzana akaachwa anapiga peke yake, vidole vinakimbia.

Sasa niambieni nyie mnaokwenda harusini. Bendi yote ikinyamaza akaachwa mtu mmoja anaonyesha uhodari wake, hiyo ni saa ya nini? Si ndiyo saa ya kumtunza kwa noti? Nikangoja wazungu wainuke. Hakuinuka hata mmoja. Nikaona aibu kwa ajili ya mwanangu, kwamba anajituma vile mbele ya watu wote hao na hakuna hata wa kumfuta jasho. Nikainuka mimi.

Nilikwenda kwa mwendo wetu ule wa kuchezacheza, shada mkono huu, noti mkono huu. Nyuma nikasikia watu wanavuta pumzi. Binti mmoja wa mlangoni akawa ananijia haraka huku amejikunja, lakini mie tayari nilikuwa mbele ya jukwaa. Noti nikaziweka karibu na viatu vyake. Shada likawa ishu, jukwaa liko juu, mkono haufiki.

Suzana akafumbua macho. Akaniona.

Hakuacha kupiga. Mkono ule wa upinde haukukosea, nawaapia. Ila akasogea mpaka ukingoni, akakunja magoti akashuka, fidla iko begani inalia vilevile, kama mama yake alivyomfunza kupokea kitu kwa mkubwa. Nikamvisha shada kichwani. Akainuka nalo, akaendelea. Mwongozaji alikuwa amesimama kama aliyemeza mfupa. Yule binti wa mlangoni akanishika kiwiko, kwa adabu, akanirudisha kitini, na kazi ikaisha Suzana akiwa na maua ya kumetameta kichwani.

Nyuma ya jukwaa nilimkuta meneja wake, mama mmoja anaitwa Brigita, uso umekuwa mwekundu. Alisema mengi, Suzana akanitafsiria kidogo tu: kwamba usiku mwingine nitasikilizia nyuma, kwenye kiti, na mlango ufungwe.

"Nimekuharibia?" nikamuuliza.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, shada likamwangukia machoni. Halafu kicheko kikageuka, nikaona analia, na analia si kidogo.

"Hujaniharibia kitu, baba," akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kunijia. Wanapiga makofi, halafu wanakwenda kuchukua makoti yao."

Kwenye treni

Onyesho la mwisho lilikuwa kwenye mji mdogo wa milimani ambao jina lake silimudu. Tulikwenda kwa treni, na treni ikasimama katikati ya safari kwa sababu ya theluji. Nje kweupe, ndani kimya. Watu wa kule treni ikikwama hawasemi neno. Kwetu abiria wangekuwa wameshamchagua mwenyekiti wa kwenda kuonana na dereva.

Suzana alikuwa amebana kisanduku kati ya magoti, na mkanda wake kauzungusha mkononi. Alipotaka kwenda msalani akaniambia, "Baba, nishikie." Nilikishika bila kupumua. Aliporudi akacheka, "Unaweza kupumua, baba, haivunjiki kwa pumzi." Akakaa, akaegemea bega langu. Nikamuuliza kama amekula. Akasema baadaye. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi.

Kisha akasema, "Baba, nataka kuacha."

Nikamgeukia.

"Nikipiga nasikia vidole vyangu tu. Muziki siusikii. Watu wanausikia, nawaona, mpaka wanalia. Mimi pale katikati hamna kitu. Mwaka mzima sasa."

Nikafanya kile nilichokuja kufanya. Nikamwambia kila mtu anachoka. Nikamsimulia mwaka ule mbuzi wangu walipokufa njiani wote, nikaanza upya na kisu cha kuazima, sikulala, sikulalamika. Nikamwambia watu wa kwetu hawaachii kamba katikati ya kisima. Mnanijua nikianza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Ndiyo maana sikukwambia," akasema. "Umeandika hadi kwenye bucha."

Ule ubao wangu mnaupita kila siku: Bucha la Fidla. Fundi aliichora fidla ikatoka kama paja la mbuzi, nikamlipa hivyohivyo kwa furaha.

"Watu wakiuliza Suzana anapiga wapi sasa, utawaambia nini?" akaniuliza. Na alivyouliza, nikaona hakuwa anajihofia yeye. Alikuwa ananihofia mimi. Mtoto amebeba jina langu mgongoni nchi kwa nchi pamoja na kile kisanduku, anaogopa kulitua.

Treni ikaondoka.

Mji wa milimani

Hotelini akaniambia ana hamu ya mlenda tangu aliponusa begi langu. Jiko hakuna. Kulikuwa na birika la umeme la kuchemshia chai. Tukapika mlenda kwenye birika la hoteli, Mungu anisamehe, tukakoroga kwa mswaki mpya, tukachovea mikate ya pale, migumu kama gamba la kobe. Birika lenyewe nililisugua sana baadaye, na nadhani bado linateleza. Suzana alikula akalamba vidole. Nikamwangalia vile vidole vinavyolala hoteli kwa hoteli na kupigiwa makofi, vina mlenda, na nikakumbuka kitu ninachokijua tangu utoto wangu.

"Suzana," nikasema. "Ng'ombe wa maziwa unajua hukaushwa?"

"Hukaushwaje?"

"Anapokaribia kuzaa, unaacha kumkamua. Maziwa yapo, lakini unaacha. Mjinga ndiye anayekamua mpaka siku ya kuzaa. Huyo anapoteza ndama, anapoteza na ng'ombe."

Akanitazama. "Baba, unanifananisha na ng'ombe?"

"Ng'ombe wa maana. Simfananishi mtu na ng'ombe wa hovyo."

"Na asipozaa? Akikauka akabaki hivyohivyo?"

Hapo ningeweza kumwambia atazaa tu, atapiga tena. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini sijui, na mie ninayejua kila kitu nikaona bora niseme sijui.

"Atakaa zizini kwangu," nikasema. "Kwani nakosa majani?"

Akainamisha kichwa, akaendelea kula.

Siku ya onyesho nikawekwa nyuma ya jukwaa kwenye kiti changu, na mzee mmoja wa zimamoto aliyenigawia peremende kila mara. Hatukuwa na lugha, tukawa na peremende. Suzana akaja kusimama mlangoni kungoja zamu, mikono ya baridi kama iliyotoka kwenye friji ya bucha. Nikaichukua nikaishika ndani ya yangu mpaka ikapata moto. Akasema, "Shikamoo baba," ingawa asubuhi tulishasalimiana. Nikaitika. Akaingia.

Alivyopiga siwezi kuwaeleza. Ninachoweza kuwaeleza ni ule mlango. Alipomaliza, makofi yakalipuka, akatoka kwa mlango kuja upande wetu. Watu wakazidi, akarudi. Akatoka tena, akaitwa tena. Wale wa ukumbini walimwona mwenye tabasamu. Mimi niliona upande wa pili. Kila alipovuka kizingiti tabasamu lilishuka kama mtu anayetua ndoo kichwani, akaegemea ukuta, akapumua, kisha akaibeba tena akarudi nayo. Miaka yote hiyo nilikuwa naangalia picha za upande wa ukumbini.

Alipotoka mara ya mwisho, nikamwambia, "Mama yako alisema nirudi na wewe. Mie nilikuwa na yangu. Sasa nasema kama mama yako."

Brigita aliambiwa asubuhi yake. Hakugomba, tofauti na nilivyodhani. Alimkumbatia Suzana muda mrefu, akamwambia nafasi yake haitafungwa, ila hataisukuma. Hata mie akanipa mkono. Akaja na kijana wa wale matajiri kuchukua fidla. Suzana aliifungua, akaipangusa vumbi la ule ulimbo wanaoupaka upinde kwa kitambaa chake, taratibu, mpaka shingoni, kama mama anayemfuta mtoto uso kabla hajaenda kwa watu. Akafunga kisanduku, akamkabidhi. Ndiyo maana hamkukiona. Hakuibiwa, hakunyang'anywa. Alirudisha cha watu kikiwa kizima.

Njia nzima hadi uwanjani alikuwa anapeleka mkono begani kutafuta ule mkanda.

Nyumbani

Kurudi hakukuwa na mkasa. Alilala kutoka Viena mpaka Addis, akala, akalala kutoka Addis mpaka tulipoliona bati langu kutoka juu, nikamwamsha nimwonyeshe. Akasema, "Mbona lina kutu upande ule?" Kweli lina kutu.

Mama yake hakumuuliza kitu. Mie nilikuwa na hotuba tayari, akanikata jicho. Akatandika mkeka uani, akaleta ungo wa mchele, akaweka mbele ya Suzana, wakaanza kuchambua mchele wote wawili. Walichambua mpaka jua likahama. Sikusikia wakisema jambo lolote la maana; bei ya nyanya, nani kaolewa, paka wa jirani. Kuna mahali Suzana akacheka, na mama yake akainamia ungo ili asionekane uso.

Basi hayo ndiyo yaliyotokea. Hakufukuzwa. Hana ugonjwa. Hana mimba, Kibwana, nimesikia na hilo, na najua lilipoanzia. Mwalimu wa kwaya ameshakuja kuniuliza kama Suzana anaweza kupiga kidogo ibada ya Jumapili, nikamnywesha chai nikamsindikiza. Mtu wa harusi kule Temeke naye ametuma salamu, nikamrudishia salamu.

Jumapili baada ya ibada nachinja. Njooni na wake zenu, nyama mnaijua ya kwangu. Mtamsalimia, naye atawaamkia, mtamuuliza habari za baridi na treni, anasimulia vizuri kuliko mimi. Ila msimwombe apige. Hata kwa utani, hata kwa kumsifu. Msimuulize ataanza lini. Na mkimwona amekaa tu, mikono mapajani, hafanyi kitu, msimwonee huruma wala msimtafutie kazi. Amekaa kwa baba yake, na baba yake anao uwezo.

Baba Suzana
Gongo la Mboto